Je, nyumba inaweza kukua kama kiinitete, au wasanifu majengo wanaazima maneno tu?

Mpigaramani (mwanzisha uzi)

Habari za jioni, wanajukwaa. Nina hoja ambayo ningependa ichambuliwe bila kuonewa haya.

Kwa miongo kadhaa sasa wananadharia wa usanifu majengo wamekuwa wakibisha hodi kwa wanabaiolojia wanaochunguza jinsi kiinitete kinavyogeuka kuwa mnyama kamili, na kwa maoni yangu wengi wao wamerudi na maumbo wakauacha utaratibu. Mtazameni Greg Lynn wa Marekani, ambaye mwishoni mwa miaka ya 1990 alibuni kwa kompyuta mradi aliouita nyumba ya kiembriolojia: maumbo yaliyovimba na kujikunja, kila moja likitofautiana kidogo na jirani yake. Michoro inapendeza na mifano midogo ilitengenezwa, lakini hakuna familia iliyohamia ndani ya nyumba hizo. Kitu kufanana na yai hakumaanishi kwamba kimepitia hatua ambazo yai hupitia.

Aliyenishawishi zaidi ni msanifu majengo Christopher Alexander, aliyezaliwa Vienna mwaka 1936, akakulia Uingereza na kufundisha chuo kikuu cha Berkeley, Marekani, kwa miaka mingi. Mwaka 1979 aliandika kwamba kiinitete hakiungwi kwa vipande. Hakuna mahali ambapo mkono hutengenezwa pembeni kisha ukaletwa kufungwa begani. Kiinitete ni kitu kizima tangu mwanzo, na kila hatua hukipambanua zaidi kutoka ndani. Jengo nalo, kwa hoja yake, lianze likiwa zima, yaani kiwanja, mwanga na njia ya kuingilia, kisha kila uamuzi ufanyike ndani ya uamuzi uliotangulia. Sisi tunafanya kinyume: tunachukua chumba cha mita tatu kwa tatu na nusu, jiko, stoo na choo, tunavisogeza kwenye karatasi hadi vitoshe, halafu tunaita matokeo yake nyumba.

Swali langu ni kama wazo hilo linasimama mbele ya mwanabaiolojia, au nalo ni pambo la maneno.

Mwalimu Chura

Linasimama kwa mguu mmoja, ndugu Mpigaramani.

Mwaka 1888 Wilhelm Roux alichukua kiinitete cha chura chenye seli mbili, akaiua moja kwa sindano ya moto. Seli iliyobaki ikatoa nusu ya kiinitete. Akahitimisha kwamba kila seli hubeba sehemu yake tu ya mwili. Miaka michache baadaye Hans Driesch alizitenganisha kabisa seli mbili za yule mnyama wa baharini mwenye miiba anayewachoma wanaotembea mwambani wakati wa maji kupwa, na kila seli ikatoa kiluwiluwi kamili, ingawa kidogo. Tofauti yao ilikuja kueleweka baadaye: Roux aliiacha ile seli iliyokufa ikiwa bado imegandamana na mwenzake, na hai ikaendelea kujiendesha kana kwamba ina jirani. Seli ya chura ikiachanishwa vizuri nayo inaweza kutoa mnyama mzima.

Kwa hiyo Alexander anaungwa mkono na Driesch. Lakini si wanyama wote wanaokua hivyo. Yupo mnyoo mdogo wa maabara, Caenorhabditis elegans, ambaye mwili wake ukikomaa una seli 959 bila kuhesabu za uzazi, na ukoo wa kila seli tangu yai ulichorwa na John Sulston na wenzake kufikia mwaka 1983. Seli fulani ikiuawa mapema, mara nyingi kile ambacho ingekizaa hakionekani tena. Anayependa kujenga kwa vipande vilivyopangiwa mahali pake naye ana mnyama wa kumtetea.

Niongeze tahadhari moja. Driesch alishangazwa na matokeo yake kiasi cha kuiacha maabara, akawa mwanafalsafa wa nguvu ya uhai isiyopimika. Msomaji wa Alexander wa miaka ya mwisho, hasa vile vitabu vyake vinne vya kuanzia 2002, ataona naye akielekea huko huko.

Fundi Nondo

Wakuu, heshima kwenu. Mimi sikusoma viinitete, lakini nimejenga nyumba nyingi zinazokua, maana hapa Dar es Salaam ni wachache wanaojenga nyumba ikaisha. Mtu anaanza na chumba na sebule nyuma ya kiwanja, anahamia kukwepa kodi, kisha nyumba kubwa inaota mbele. Mwenye nyumba akiishiwa, kiinitete chake kinabaki msingi na majani yanaota hadi kwenye jamvi, yaani sakafu ya zege.

Ninachotaka kusema kinahusu nondo. Mwenye ndoto ya ghorofa hutuambia tuziache nondo za nguzo zichomoze juu ya slabu, futi tatu au nne, ili siku fedha ikipatikana tuunganishe. Nilirudi kwenye nyumba moja ya namna hiyo baada ya miaka mingi. Nondo zilikuwa zimeliwa na kutu hasa pale zinapotokea kwenye zege, mahali ambapo maji ya mvua hutuama, na tulipojaribu kuzinyoosha nyingine zilikatika. Tulilazimika kuvunja vichwa vya nguzo ili kufikia chuma kizima. Jirani yake alikuwa amezifunika zake kwa zege hafifu, na yake tuligonga tukaiondoa, nondo zikatoka zikiwa safi. Sasa Mwalimu, mnyama huacha nondo?

Mwalimu Chura

Fundi, umeuliza swali ambalo watu huandikia tasnifu. Jibu ni ndiyo, kwa namna yake.

Chukua lenzi ya jicho. Ubongo unaokua hutoa kivimbe kinachosogea hadi chini ya ngozi ya kichwa, na ngozi iliyoguswa hujikunja na kuwa lenzi. Hans Spemann alianza kulichunguza jambo hilo kwa vyura mwaka 1901. Lakini si ngozi yoyote itakayoitikia, wala si wakati wowote. Tishu huwa na muda wake wa utayari. Kabla haujafika ishara haisikiki, na ukipita imechelewa. Nondo zako ni utayari uliowekwa akiba, na kutu ni muda unaopita.

Tofauti ni kwamba tishu haiwekewi utayari na mtu mwenye ndoto ya ghorofa.

Kaka Saruji

Mimi ni mhandisi na naona mnazunguka. DNA ni ramani, seli ni mafundi. Kiinitete ni ushahidi bora kabisa kwamba ujenzi mzuri huhitaji ramani kamili kabla ya jembe la kwanza. Nyumba zinazoota anazozisifia Fundi ndizo zinazotuletea nyufa. Spemann mnayemtaja alipata Tuzo ya Nobel pamoja na Mangold kwa kugundua sehemu ya kiinitete inayosimamia ujenzi wote, yaani msimamizi wa mradi. Kila kitu kipo: ramani, mafundi, msimamizi.

Bibi Kamusi

Kaka Saruji, la tuzo tulirekebishe kabla halijasambaa. Nobel ya mwaka 1935 ilikwenda kwa Spemann peke yake. Hilde Mangold, aliyefanya jaribio lenyewe kwa mikono yake akiwa mwanafunzi, alifariki mwaka 1924 kwa ajali ya moto nyumbani, mwaka uleule makala yao ilipochapishwa. Katika usanifu majengo pia twajua majengo yenye jina la mkuu wa ofisi na jasho la msaidizi, kwa hiyo labda ulinganisho wenu una nguvu kuliko mnavyodhani.

Mwalimu Chura

Ahsante, Bibi. Mimi nibaki kwenye ramani.

Katika ramani, mstari mmoja ni ukuta mmoja. Ukiufuta, ukuta ule haujengwi na kuta nyingine zinabaki. Katika jeni hakuna mstari wa kidole cha tatu. Ukiharibu jeni moja unaweza kubadili vidole, figo na masikio kwa pamoja, au usione badiliko lolote, kwa sababu jeni zile huamuru nani amwitikie nani na lini, na umbo ni matokeo ya maitikio hayo.

Aliyeeleza jambo hili kwa njia ambayo mhandisi ataipenda ni Lewis Wolpert, naye alisomea uhandisi ujenzi Afrika Kusini na kufanya kazi ya mekanika ya udongo kabla ya kuhamia kwenye viinitete. Mwaka 1969 alipendekeza tufikirie safu ya seli zinazofanana, na kemikali inayotoka upande mmoja ikipungua kadiri inavyoenda mbali. Kila seli hupima kiasi kilichoifikia na kutambua iko wapi: penye nyingi ni buluu, penye wastani ni nyeupe, penye chache ni nyekundu, kama bendera ya Ufaransa. Ukiikata safu hiyo katikati na mteremko wa kemikali ukajipanga upya, bendera inakuwa ndogo lakini rangi zote tatu zipo. Mwaka 1988 kemikali ya namna hiyo ilionyeshwa katika yai la nzi wa matunda. Mama huweka maelekezo yake kwenye ncha moja ya yai, na ncha hiyo ndiyo inayokuwa kichwa.

Msimamizi wa mradi hayumo. Kuna mteremko na wasomaji wa mteremko.

Kaka Saruji

Kwa hiyo mhandisi ndiye aliyewafumbua macho. Nitalichukua hilo na kulilalia leo.

Hata hivyo umeniongezea hoja badala ya kuipunguza. Bendera ile inajirekebisha kwa sababu kanuni ya kusoma ilikuwepo tayari ndani ya kila seli. Mpe fundi kanuni badala ya mchoro: karibu na barabara jenga fremu za maduka, katikati vyumba, mbali zaidi jiko na choo. Kiwanja kikiwa kifupi au kirefu, mpangilio unatoka uleule.

Mwana wa Amu

Hiyo kanuni aliyoitoa Kaka Saruji tayari ipo, na watu wameishi ndani yake bila kumsubiri Wolpert. Nyumba ya Kiswahili ya Kariakoo au Magomeni ina baraza mbele, ukumbi katikati, vyumba vitatu kila upande, kisha ua wenye jiko na choo. Kadiri unavyotoka barazani kwenda uani ndivyo mgeni anavyopungua na mwenyeji anavyozidi. Nyumba za mawe za Lamu zina mteremko mkali zaidi: daka mlangoni, tekani ambayo ni njia ya kuingilia, kiwanda ambacho ni ua ulio wazi kwa mbingu, halafu misana, yaani vyumba virefu, inayofuatana, na ndani kabisa ndipo penye zidaka, yaani vishubaka vya ukutani, na mambo ya wenyewe. Fundi hakupimiwa sentimita za faragha.

Lakini napinga mkiyafanya yote haya kuwa ishara na usomaji. Vyumba vya Lamu ni virefu na vyembamba kwa sababu dari ililala juu ya boriti za mikoko, na boriti haivuki zaidi ya mita mbili na nusu au tatu hivi chini ya uzito wa mawe na chokaa. Ukitaka ukumbi mpana huupati. Unapata msana mwingine sambamba. Mpangilio mnaousoma kama mteremko wa faragha ulianza na urefu wa mti. D'Arcy Thompson aliandika mwaka 1917 kwamba maumbo mengi ya viumbe hutokana na nguvu za kawaida za fizikia, na nadhani angejisikia nyumbani Amu, yaani Lamu, kuliko Berkeley.

Nyumba hizo nazo zilikua. Binti akiolewa aliongezewa ghorofa juu ya nyumba ya wazazi, au chumba kilivushwa juu ya kichochoro kwa wikio, ili asihamie mbali. Ukuta mnene wa matumbawe uliruhusu. Hakuna aliyeacha nondo.

Mpigaramani

Mwana wa Amu, naipokea boriti, lakini haitoshi. Boriti inaeleza upana wa chumba. Haielezi kwa nini chumba cha tano kikawa cha ndani na cha kwanza kikawa cha mgeni. Mti uleule ungeweza kujenga safu ya maghala.

Mwana wa Amu

Na mteremko wa faragha peke yake ungeweza kujenga duara. Tumekwama pazuri.

Dada Kichuguu

Nashangaa hamjataja mfano ulio maarufu kuliko yote barani mwetu. Jengo la Eastgate la Harare, la Mick Pearce, lililokamilika mwaka 1996, lilibuniwa kwa kuiga kichuguu cha mchwa ili lipoe bila mitambo mikubwa ya hewa. Hapo baiolojia imefanya kazi kweli.

Mwalimu Chura

Dada, jengo ni zuri na linafanya kazi, lakini linajadiliwa chini ya somo jingine. Eastgate iliiga namna kichuguu kinavyodhaniwa kupumua kikiwa kimekwisha kujengwa, nayo ni fiziolojia. Haikuiga namna kichuguu kinavyojengwa. Tena maelezo ya kupumua yenyewe yamebadilika: Scott Turner, aliyechunguza vichuguu vya mchwa wa Macrotermes kusini mwa Afrika, alionyesha kwamba havifanyi kazi kama bomba la moshi linalovuta hewa moto juu, bali hubadilishana hewa kwa msukumo wa upepo unaopanda na kushuka, kwa namna iliyo karibu zaidi na mapafu. Kwa hiyo jengo limefanikiwa kwa kufuata maelezo ambayo wanasayansi hawayakubali tena.

Dada Kichuguu

Basi niruhusu nigeuze kibao. Kama jengo lilifaulu ingawa baiolojia yake ilikuwa na kasoro, msanifu ana haja gani ya baiolojia iliyo sahihi? Huenda kazi ya mawazo haya ni kumtoa mtu kwenye mazoea yake, na hilo hata wazo potofu laweza kulifanya.

Na kichuguu kikijengwa, Mwalimu, mchwa hawana ramani wala msimamizi. Kila mmoja huweka tope pale anapokuta tope la mwenzake. Sioni kwa nini hilo lisiwe ukuaji.

Mtaa wa Pili

Nimekuwa nikisoma kimya, naomba niseme jambo ambalo litawaudhi wote.

Utaratibu wa kiinitete ni mzuri kwa sababu vilivyokuwa na utaratibu mbaya vilikufa, kwa mamilioni ya miaka, kabla hajakuwepo wa kutazama. Conrad Waddington aliuchora ukuaji kama gololi inayoshuka kwenye mteremko wenye makorongo: ukiisukuma kidogo hurudi kwenye korongo lake. Wasanifu wanaipenda picha hiyo. Lakini makorongo yale yalichimbwa na vifo. Nyumba yangu haina mababu waliokufa kwa kuwa na ngazi mbaya. John Frazer aliliona pengo hilo, na mwaka 1995 akachapisha kazi yake ya kuzalisha maumbo ya majengo kwa kompyuta, akiyashindanisha na kuyachuja kama mageuzi ya viumbe yanavyochuja. Pale lakini mchujaji ni mtu aliyeandika vigezo, na vigezo vyake ni vile vilevile alivyokuwa navyo kabla ya kuwasha mashine.

Mtazameni pia Kisho Kurokawa na wenzake wa Japani, waliotangaza mwaka 1960 kwamba miji ni viumbe hai vinavyobadilisha sehemu zake. Mnara wake wa Nakagin jijini Tokyo ulikamilika mwaka 1972 ukiwa na vyumba 140 vilivyoning'inizwa kwenye mihimili miwili ya zege, na kila chumba kilitakiwa kubadilishwa baada ya miaka 25 hivi. Hakikubadilishwa hata kimoja. Mwaka 2022 jengo lilibomolewa. Mwili hubadilisha seli zake kwa sababu seli hujigawa zenyewe. Vyumba vile vilisubiri mkutano wa wamiliki.

Bibi Kamusi

Umenena, lakini Kurokawa alijenga kwa vipande vilivyotoka kiwandani, jambo ambalo Mpigaramani alilipinga tangu mwanzo. Kushindwa kwake kunaweza kuwa ushahidi kwa upande wa Alexander. Nakumbuka Alexander naye alijenga Japani, shule ya Eishin iliyo nje ya Tokyo, mnamo katikati ya miaka ya 1980. Kabla ya michoro, yeye na wenzake walitembea shambani wakichomeka fito zenye vibendera, wakavihamisha hadi mahali pa kila jengo na ua paliporidhisha walipokuwa wamesimama wenyewe. Mchoro ulifuata vibendera.

Fundi Nondo

Hayo ya vibendera sisi tunayafanya kwa vigingi na kamba, mama mwenye nyumba akisema sogeza kidogo, sebule imekuwa ndogo. Hatukujua kwamba ni nadharia. Ningetoza zaidi.

Mpigaramani

Fundi, ulitoza vya kutosha.

Kwa Mtaa wa Pili: mababu waliokufa wapo. Nyumba ya Kiswahili haikubuniwa na mtu mmoja. Miundo iliyowachosha watu haikurudiwa, na iliyowafaa ilinakiliwa mtaa mzima. Hicho ni kichujio, ingawa ni cha polepole. Tena kuna jaribio la makusudi: mwaka 2004 kundi la Alejandro Aravena lilimaliza makazi ya familia takriban 100 huko Iquique, Chile, ambako fedha ya serikali ilitosha nusu ya nyumba tu. Walijenga nusu ngumu, yaani nguzo, paa, bafu, jiko na ngazi, wakaacha nafasi tupu kando yake yenye vipimo vinavyojulikana, na wakazi wakaijaza wenyewe. Aravena alipewa Tuzo ya Pritzker ya usanifu majengo mwaka 2016. Kule utayari anaoueleza Mwalimu umewekwa kwenye jengo zima.

Mwana wa Amu

Hatuhitaji kwenda Chile. Sinza na Kijitonyama zilianza miaka ya 1970 kwa mradi wa viwanja na huduma uliofadhiliwa na Benki ya Dunia: serikali ikapima viwanja, ikaweka barabara na maji, watu wakajenga wenyewe kadiri ya mifuko yao. Wachumi waliorudi kupima miongo kadhaa baadaye walikuta kwamba maeneo yaliyopimwa kabla ya watu kujenga yana nyumba kubwa na bora, zenye mpangilio, na zimeunganishwa zaidi na maji na umeme, kuliko makazi yaliyokuwepo kisha yakaboreshwa.

Kaka Saruji

Ndiyo! Ramani kwanza. Ahsante, Mwana wa Amu.

Mwalimu Chura

Si ramani, Kaka Saruji, ni mhimili. Hakuna aliyechora nyumba za Sinza. Kilichotangulia ni mwelekeo na mipaka.

Yai la chura kabla ya kurutubishwa halijaamua mgongo utakuwa wapi. Mbegu ya dume huingia mahali fulani, tabaka la nje la yai huzunguka kiasi cha nyuzi 30 hivi, na mgongo hutokea upande ulio mkabala na mahali mbegu ilipoingilia. Tukio hilo dogo hutangulia mgawanyiko wa kwanza wa seli, na karibu kila kinachofuata kinalitegemea. Msikiti wa pwani yetu huanza vivyo hivyo. Makka iko karibu kaskazini kabisa mwa Dar es Salaam na Tanga, na kibla ikishapatikana, mihrabu, safu za waumini na milango hupangika kwa kuifuata, hata kama barabara inapita mshazari na kuacha pembe za ajabu kwenye kiwanja.

Dada Kichuguu

Nami niongeze kinachopunguzwa, maana mnazungumzia kuota tu. Vidole vyetu havikuchomoza kimoja kimoja. Mkono wa kiinitete huanza kama kafi, na seli zilizo kati ya vidole hufa kwa utaratibu uliopangwa. Kufa huko kulipewa jina na maelezo na Kerr, Wyllie na Currie mwaka 1972. Bata hubaki na ngozi kati ya vidole kwa sababu kwake seli nyingi za hapo hazifi. Katika mtaa wangu ukuta wa chumba cha mbele hubomolewa ili kupata fremu, na dirisha la kando hufungwa kwa tofali jirani anapojenga hadi mpakani. Nyumba hupata sura yake kwa kubomolewa kama inavyoipata kwa kuongezewa, na sijaona msanifu anayechora kipi kife kwanza.

Mtaa wa Pili

Dada, hilo la kupunguza nalikubali kuliko yote yaliyotangulia. Ila tofauti inabaki: seli inayokufa huliwa na majirani zake, mahali panabaki safi. Ukuta wa fremu humwagwa barabarani.

Fundi Nondo

Narudi kwa Mwalimu na mhimili wake. Mnataja kibla, mwanga, mteremko wa faragha na boriti. Kwenye kiwanja cha mita 20 kwa 20 kisicho na bomba la maji taka la mji, kinachoamua nyumba ikae vipi ni shimo la choo. Lazima liwe mahali ambapo gari la kunyonya litafika na bomba lake, kwa hiyo linakaa upande wa barabara au kwenye uchochoro wa kuingilia. Shimo likikaa hapo, vyoo vinalifuata kwa sababu bomba linataka mteremko, vyoo vikivuta vyumba vya kulala, jiko likienda upande wa pili, sebule ikipewa kilichobaki. Nimeona michoro mizuri ya wasomi ikigeuzwa kushoto kulia siku tulipofika na kukuta gari halipiti.

Kaka Saruji

Basi mratibu wa kiinitete, yule msimamizi wa Spemann, tumempata, naye ananuka.

Mwalimu Chura

Msicheke sana, maana wazo la Fundi linaweza kupimwa. Spemann na Mangold hawakusema sehemu fulani ni mratibu kwa sababu ilionekana muhimu. Waliikata kutoka kwenye kiinitete cha salamanda mmoja, wakaipandikiza ubavuni mwa kiinitete cha aina nyingine yenye rangi tofauti. Kikatokea kiinitete cha pili pale ubavuni, chenye mgongo wake, na rangi ilionyesha kwamba sehemu kubwa ya kiinitete hicho ilijengwa kwa seli za mwenyeji, zilizoitikia mgeni. Kwa hiyo, Fundi, kipimo ni hiki: ukichimba shimo la pili upande mwingine wa kiwanja, nyumba ya pili inatokea?

Fundi Nondo

Inatokea, Mwalimu. Nina kiwanja cha ndugu wawili waliorithi nyumba moja. Mdogo alichimba shimo lake nyuma, upande wa uchochoro. Kabla mwaka haujapinduka vyumba vya uani vilikuwa vimegeuza milango kuelekea huko, kukawa na jiko jipya, baraza, na mlango wa kutokea nyuma. Sehemu kubwa ni kuta zilezile za marehemu baba yao. Tulichoongeza sisi ni tofali chache.

Mwalimu Chura

Ulinganisho mzuri, lakini bado hujanitenganishia mambo mawili. Ndugu hao walianza kugombana kabla ya shimo, au baada?

Fundi Nondo

Kabla. Lakini waligombana miaka mingi ndani ya nyumba ileile na hakuna mlango uliogeuka, hadi tulipochimba.